Chatu Wangu na Python Yao

Kwa miaka tisa sasa kazi yangu ni kuchunguza chatu. Namkamata, napima urefu na uzito wake, naweka chini ya ngozi yake kifaa kidogo chenye namba ya utambulisho, kisha namwachia aende zake, na nikibahatika kumkamata tena baada ya miezi kadhaa narudia vipimo vilevile ili nijue amekua kiasi gani. Pamoja na hayo, kwa muda mrefu sanduku langu la barua pepe lilijaa ujumbe wa watu waliotaka niwaandikie programu za benki, za bima, na safari moja programu ya kupanga zamu za wauguzi. Sababu yake ni fupi: jina la kisayansi la jenasi ya chatu ni Python, na Python ni jina pia la lugha ya programu inayotumika sana duniani. Wasifu wangu katika mtandao wa kazi ulisema, kwa ukweli mtupu, kwamba nina uzoefu wa miaka mingi wa Python.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hakuwa akimfikiria nyoka hata kidogo. Aliazima jina hilo kutoka katika kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Kwa hiyo nilikuwa nikipokea barua zisizo zangu kutokana na mzaha ambao haukunihusu mimi wala chatu wangu.

Ujumbe wa kwanza niliupokea kwa furaha. Mwandishi wake, dada mmoja kutoka wakala wa ajira, alisema kwamba wamevutiwa na uzoefu wangu, kwamba mteja wao anatafuta mtu wa kuanza mara moja, na kwamba nitafanya kazi katika mazingira yenye changamoto na ushirikiano mkubwa. Mtu wa fani yangu akisikia neno mazingira huona kinamasi. Nikadhani ni hifadhi ya wanyama, nikakubali kupigiwa simu, na siku ya simu nikakaa mezani nikiwa na daftari langu la vipimo.

"Kwanza, ndugu," alianza, "umeitumia Python kwa muda gani?"

"Miaka tisa," nilijibu. Nilisikia *umeitumia* mahali nilipotarajia *umemtumia*, lakini watu wengi hutatizika na ngeli wanapokutana na jina la kigeni, nami si mwalimu wa sarufi, kwa hiyo sikumsahihisha. Laiti ningemsahihisha, tungeokoa dakika kumi.

"Na umewahi kuifikisha kwenye uzalishaji?"

"Mara nyingi. Msimu uliopita jike mmoja alitaga mayai 38 na akayaatamia mwenyewe mpaka yakaanguliwa."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia akiandika. "Sawa. Na wadudu je? Ukikuta wadudu, unawashughulikiaje?"

"Kupe ndio wengi. Nawang'oa mmoja mmoja kwa kibano, nawatia kwenye chupa yenye spiriti, na naandika niliwatoa sehemu gani ya mwili."

"Ndugu, samahani," alisema kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani, "hivi wewe unafanya kazi na Python ipi?"

"*Python sebae*. Na nyinyi?"

"Tatu nukta nane."

"Mita?"

"Toleo," alisema, na hapo sote wawili tulielewa: kwao uzalishaji ni programu kuanza kutumiwa na watu, na wadudu ni makosa yaliyojificha ndani yake.

Namshukuru dada yule kwa jambo moja: baada ya kicheko kwisha hakukata simu. Nilimuuliza alinipataje, naye alinieleza bila kuficha, na maelezo yake ndiyo yaliyonisaidia baadaye kuliko ushauri wowote. Alisema hakuwa amesoma wasifu wangu. Kwa siku moja huwa na nafasi nyingi za kujaza, na wakala wake hulipwa tu pale mwombaji aliyempeleka anapoajiriwa, kwa hiyo muda wa kumsoma mtu mmoja mmoja hana. Anachofanya ni kuandika maneno katika kisanduku cha kutafutia na kuyaunganisha kwa *na*, *au* na *si*, kwa mantiki ileile iliyoasisiwa na mwanahisabati George Boole katika karne ya 19. Mfumo unamletea orodha ya majina, anayachagua yote, na barua moja iliyokwisha kuandikwa inawaendea wote, huku kompyuta ikijaza jina la kila mmoja mahali palipoachwa wazi. "Tumevutiwa na uzoefu wako" iliandikwa kabla mimi sijajulikana kama nipo. Nakiri kwamba sentensi ile nilikuwa nimemsomea mama yangu.

Baada ya hapo zilifuata nyingine, kwa kiasi cha mbili tatu kila wiki. Kosa langu la mwanzo lilikuwa la adabu. Nililelewa kwamba salamu hujibiwa, kwa hiyo nilimjibu kila mtu kwa aya mbili za kumshukuru na kumweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa nyoka. Wengine hawakujibu, wengine walinitumia ujumbe uleule mwezi uliofuata, na mmoja aliniandikia kwamba uzoefu wangu wa nyoka unaonyesha kwamba ninaweza kujifunza haraka. Baadaye niligundua kwamba katika mtandao ninaoutumia, mtafuta wafanyakazi hununua idadi maalumu ya ujumbe wa kuwaandikia watu asiowajua, na kila ujumbe unaojibiwa ndani ya siku 90, hata kama jibu ni hapana, hurudishwa katika akiba yake autumie tena. Ina maana kwamba kwa kila aya zangu mbili za heshima nilikuwa namlipia mtu nauli ya kwenda kumsumbua mwenzangu.

Nikahamia katika kurekebisha wasifu wenyewe, na hapa ndipo nilipokosea kwa namna ambayo bado inanichekesha. Niliongeza sentensi iliyosema waziwazi: "Python ninayoishughulikia ni nyoka, si lugha ya programu, sijui kuandika programu wala sitafuti kazi ya uhandisi wa programu." Katika wiki mbili ujumbe uliongezeka takriban mara mbili. Nilikaa nikajiuliza kwa nini, mpaka nilipokumbuka maneno ya dada yule. Kisanduku cha kutafutia hakisomi sentensi; kinahesabu maneno. Kabla ya hapo nilikuwa na neno moja tu la kunitia mashakani, na sasa kwa kukana kwangu nilikuwa nimeongeza "lugha ya programu", "kuandika programu" na "uhandisi wa programu", yote katika mstari mmoja. Neno *si* linafanya kazi pale tu anayetafuta anapoliandika yeye. Likiandikwa na anayetafutwa, ni vumbi.

Nililifuta jina hilo kabisa. Kukawa na utulivu wa miezi minne, utulivu mzuri, hadi mwenzangu wa fani aliponiuliza kwa nini sikuomba nafasi fulani ya utafiti wa wanyama watambaao. Waliokuwa wakiitangaza walikuwa wametafuta watu katika mtandao uleule kwa neno lilelile nililolifuta. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa, na aliyeipata anaistahili, lakini kuanzia hapo niliacha kuona jambo hili kuwa la kuchekesha tu.

Suluhisho lililofaa nililipata katika desturi ya kazi yetu wenyewe. Wanasayansi wakishataja jina la jenasi mara moja, huliandika baadaye kwa herufi ya kwanza tu, kwa hiyo *Python sebae* huwa *P. sebae*. Niliandika hivyo kila mahali, nikaongeza maneno ambayo waajiri wa kweli wa fani yangu hawawezi kukosa kuyatafuta, yaani herpetolojia, nyoka, wanyama watambaao na uhifadhi, na neno *chatu* likakaa juu kabisa, maana sijawahi kusikia benki inayotafuta chatu. Ujumbe wa programu ulipungua hadi mmoja au miwili kwa mwezi. Kwa ile michache iliyobaki nilitumia hila niliyoisikia kwa rafiki yangu mwandishi wa programu: niliweka kinyota kimoja kabla ya jina langu la kwanza. Binadamu akiandika salamu hakiweki kinyota kile. Mashine inakinakili kama kilivyo. Ujumbe unaoanza na kinyota naufuta bila kujisikia vibaya, na usio nacho naujibu kwa mstari mmoja.

Rafiki huyo nilikuwa nimemlilia sana kuhusu barua zangu, nikidhani kwamba wao, watu wa programu halisi, huitwa kazini kwa haki. Alicheka akanisimulia kisa cha Sebastián Ramírez, aliyebuni zana ya programu iitwayo FastAPI. Mwaka 2020 Ramírez alieleza hadharani kwamba ameona tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka minne au zaidi wa FastAPI, na kwamba hawezi kuomba, kwa kuwa yeye mwenyewe ana mwaka mmoja na nusu tu tangu aibuni. Alinieleza pia kwamba Java na JavaScript ni lugha mbili tofauti zinazofanana jina kuliko undani, na kwamba wanaojua mojawapo huandikiwa kila mara kuhusu nyingine. Nilipata faraja isiyo nzuri, ile ya kukuta kwamba jirani naye paa lake linavuja.

Ujumbe mwingine haukustahili kucheka wala kujibu. Kuna waliosifu uzoefu wangu vilevile, ila katika barua ya pili walitaka ada ya usajili au nakala ya pasipoti kabla ya usaili wowote. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira hawamtozi mfanyakazi ada, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyoidhinishwa na mamlaka ya nchi. Anayeniomba fedha ili anipe kazi nilikuwa namripoti kwa wenye mtandao na kumfungia njia.

Kundi la mwisho ni dogo, na ndilo lililonifanya nibadili namna yangu ya kuamua. Usiku mmoja nilipata barua pepe isiyo na sifa wala neno Python. Ilinitaja kwa majina yangu mawili, ikanijulisha kwamba usaili wangu wa nafasi ya mhasibu ni keshokutwa saa tatu asubuhi, na ikaambatanisha fomu iliyojazwa tayari tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho ambazo si zangu. Mahali fulani alikuwako mhasibu tunayeitwa majina sawa, ambaye anwani yake bila shaka ilitofautiana na yangu kwa tarakimu moja au nukta, na aliyekuwa akifungua simu yake kila baada ya saa moja kuona kama ameitwa. Hadi hapo nilikuwa nikijiuliza kama ujumbe unanifaa mimi. Sasa nikajiuliza nani atapoteza nikinyamaza. Kwa ujumbe wa kinyota jibu lilikuwa hakuna mtu. Kwa huu, nilimjua hata jina.

Niliandika palepale, na kichwa cha barua nilikifanya kiwe ujumbe wenyewe: MWITO WA USAILI UMEFIKA KWA MTU MWINGINE. Nilieleza kwamba mimi si mwombaji, kwamba nimefuta kiambatisho bila kukituma popote, na kwamba tafadhali wampigie mhusika kwa simu. Asubuhi, kwa kuwa sikuona jibu, nilitafuta namba ya mapokezi katika tovuti yao badala ya kutumia ile iliyokuwa kwenye barua, nikapiga. Aliyepokea alinihamisha mara tatu. Wa tatu alisikiliza, akasema, "Ahaa, nukta," kisha akanishukuru na kukata.

Siku mbili baadaye waliniandikia mstari mmoja kwamba mhusika amepatikana na amefanya usaili. Nilifurahi nikaendelea na kazi zangu. Kumbe mfumo wao ulikuwa umehifadhi anwani yangu katika orodha ya waombaji, maana wiki tatu baada ya hapo nilipokea barua nyingine, yenye nembo na sahihi ya meneja wa rasilimali watu, iliyosema kwamba baada ya kuzingatia kwa makini sifa zangu wanasikitika kunijulisha kwamba sikufanikiwa kupata nafasi ya mhasibu, ingawa wananitakia kila la heri. Niliisoma mara mbili, na sioni sababu ya kuficha kwamba niliumia kidogo.