Carina ya kilomita 287,000: miguu inagonga, nitengeneze au niuze?

Jumamosi. Dashibodi inasoma 287,412. Carina TI hii niliachiwa na marehemu baba. Tangu masika yaanze inagonga mbele kushoto kila nikivuka tuta: ko, ko, kisha kimya. Tairi la upande huo limeliwa kwa ndani hadi limebaki upara, huku nje kashata bado zipo.

Fundi alibonyeza bampa mara mbili, akatikisa kichwa. "Bosi, mbele kote kumekwisha. Tafuta milioni moja na laki mbili tubadilishe kila kitu." Dalali naye kwa gari zima hanipi zaidi ya milioni nne. Nikaliwasha, nikarudi nalo nyumbani.

Jumapili. Jeki, na magogo mawili ya mninga chini ya chesisi, maana jeki peke yake siiamini. Nilishika tairi juu na chini, nikalisukuma. Likacheza. Mwanangu alikuwa ameweka kidole kwenye boljointi, kile kifundo kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini: "Baba, inaruka!" Nikashika kushoto na kulia, halichezi, kwa hiyo tairodi, chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu, ni nzima. Shokapu ya kushoto imelowa oili, vumbi limegandia hapo kama uji. Bushi (raba ya kiungo) ya nyuma ya mkono wa chini imepasuka, ncha ya bisibisi inazama. Mkono huo ukikosa bushi, kila dereva akishika breki mkono unarudi nyuma na gurudumu linakaa upande. Mlaji wa tairi ndiye huyo.

Kilomita hazikunitisha, injini ya 5A bado haili oili. Nilichokiogopa ni bodi, kwani gari limekaa Tanga miaka 11 likila upepo wa chumvi. Nikafungua boneti, nikakwangua pale shokapu inapofungwa kwa nati tatu, nikapagonga na kitako cha bisibisi. Pangebonyea, ningempigia dalali siku hiyohiyo. Shokapu mpya haina maana kwenye bati lililooza. Pakalia ngaa, mlio mkavu wa bati zima. Tunatengeneza.

Jumamosi iliyofuata, kwenye maduka ya spea Gerezani, Dar. Boljointi mbili 70,000, bushi nne 60,000, shokapu mbili za mbele 280,000. Shokapu ya kulia ilikuwa kavu, lakini ukibadilisha moja gari linayumba. Bushi za mtumba nilizikataa, hata kwa bei ya karanga: raba huzeeka hata ikiwa rafuni. Ufundi pamoja na presi ya kuingizia bushi 80,000, alaimenti (kunyoosha magurudumu) 30,000. Jumla 520,000. Tairi la upara nimelitoa, spea imechukua nafasi yake kwa sasa.

Tulibishana mara moja tu. Fundi alitaka kukaza kabisa bolti za bushi huku magurudumu yananing'inia. "Fundi, shusha kwanza." Ukizikaza hivyo, gari likishuka raba inabaki imesokotwa, na haichukui muda inachanika. Alinung'unika kwamba hajawahi kufundishwa kazi na mteja, lakini alishusha, akaingia uvunguni akakaza.

Leo, 287,690. Tuta lilelile, mbele kimya kabisa. Sasa nasikia nyuma kulia. Kumbe siku zote mlio wa mbele ulikuwa unaufunika, na nyuma kila upande una mikono mitatu, yote na bushi zake. Mama watoto, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, ameusikia pia. Ameniuliza kama ile laki tano ilikuwa ya gari zima au ya nusu.