Boti ya Colonia: kutoka Buenos Aires na kurudi na siku 90 mpya

Mtalii asiyehitaji viza akiingia Argentina hupewa siku 90. Zikikaribia kwisha, kila mtu Buenos Aires atamwambia maneno yale yale: panda boti, vuka mto hadi Colonia, mji wa Uruguay, ule chakula cha mchana, urudi jioni na siku 90 nyingine. Ushauri huo si wa uongo, ila unaruka jambo zito kuliko yote. Siku mpya hutolewa na afisa uhamiaji wa Argentina, na afisa huyo utakutana naye ukiwa bado uko Uruguay, kabla hujapanda boti ya kurudi. Ana mamlaka ya kukunyima. Kwa hiyo maandalizi yako yote yaelekee kwenye dirisha lake.

Kwanza njia yenyewe. Colonia del Sacramento iko ng'ambo ya Río de la Plata, kiasi cha kilomita 50 kutoka Buenos Aires, na boti ya kasi huchukua saa moja na robo hivi. Aliyewahi kupanda boti ya Dar kwenda Unguja hatashangaa: ukumbi mpana wenye viti, duka, kantini, na foleni ya mizigo. Hata asili yao inakaribiana. Boti za Kilimanjaro za Azam ziliundwa Hobart, Tasmania, na Francisco, ile inayokwenda kasi kati ya Buenos Aires na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, tangu 2013, ilitoka mji huo huo. China Zorrilla, boti kubwa ya umeme yenye urefu wa mita 130, iliyoshushwa majini Hobart mwezi Mei 2025, iliundwa kwa ajili ya njia hii ya Colonia.

Sasa swali la kwanza kabla ya kununua tiketi: unasafiri na pasipoti gani? Mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza, Kanada au nchi nyingi za Ulaya huingia Argentina na Uruguay bila viza, na makala hii kwa sehemu kubwa inamhusu yeye. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Argentina, na anahitaji pia viza ya Uruguay, kila moja peke yake. Hapa pana mtego wa kweli. Viza ya Argentina ikiwa ni ya kuingia mara moja, inakufa pale unapotoka. Ukivuka kwenda Colonia huna tena kibali cha kurudi, hata kama siku zako zilikuwa zimebaki nyingi. Tazama kwenye viza idadi ya kuingia na tarehe ya mwisho ya matumizi, na hakikisha tarehe hiyo haitakuwa imepita siku ya kurudi. Kama ni ya mara moja, usipande boti. Nenda ukaulize nyongeza ya muda kwenye ofisi ya uhamiaji ukiwa ndani ya nchi.

Na hata kwa wasiohitaji viza, ningeanza na ofisi hiyo kabla ya boti. Idara ya uhamiaji, Dirección Nacional de Migraciones, iko Retiro, mtaa wa Buenos Aires, barabara ya Antártida Argentina namba 1355, kwenye eneo la ile Hotel de Inmigrantes iliyokuwa ikipokea wahamiaji waliotoka Ulaya kwa meli tangu 1911 hadi 1953. Huko huombwa kitu kinachoitwa prórroga, yaani kuongezewa muda wa utalii, hadi siku 90 nyingine. Huombwa kabla muda wa awali haujaisha, kwa ada, na kwa sasa sehemu kubwa ya maombi huanzia kwenye tovuti ya idara. Faida yake si kukwepa nauli tu. Anayechukua prórroga kwanza na boti baadaye anakuwa amevuka mpaka mara moja katika muda ambao mwenzake wa boti peke yake amevuka mara mbili. Afisa anapofungua rekodi zako kwenye kompyuta, idadi ya safari za kwenda na kurudi siku ile ile ndiyo inayoanza kumtia shaka.

Hesabu ya siku inawaponza watu wengi kuliko karatasi. Siku 90 si miezi mitatu. Aliyeingia tarehe 1 Machi, akiihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, siku yake ya 90 ni tarehe 29 Mei. Aliyesubiri 1 Juni amechelewa. Hesabu kwa kalenda, siku moja moja, na siku ya kuingia iwe namba moja. Halafu panga kuvuka siku saba hadi kumi kabla ya mwisho. Hupotezi kitu cha maana, kwa sababu siku 90 mpya huanza siku unayoingia tena, na unajipatia nafasi ya kuahirisha.

Nafasi hiyo utaihitaji, kwa sababu mto huu una tabia zake. Ni mpana mno lakini kina chake ni kifupi, na vyombo hupita kwenye mikondo iliyochimbwa. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji wanauita sudestada, husukuma maji ya mto kurudi juu hadi yakafurika kandokando ya Buenos Aires, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Majira ya baridi huja ukungu. Mlinzi wa bandari, Prefectura Naval, akifunga bandari hakuna boti inayotoka, na kampuni itakubadilishia tiketi, lakini siku uliyozidisha itabaki kwenye rekodi yako. Usiweke safari hii siku ya 90. Hata siku ya 89 usiiweke.

Tiketi. Kampuni zilizozoeleka ni Buquebus na Colonia Express, na vituo vyao Buenos Aires haviko mahali pamoja. Buquebus huondokea Dársena Norte, upande wa Puerto Madero, mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Catalinas ya treni ya chini ya ardhi, laini E. Colonia Express huondokea Dársena Sur, karibu na La Boca, ambako ni afadhali kuchukua teksi. Kila wiki kuna mtu anayefika kituo kisicho chake dakika arobaini kabla ya boti, na hapo hakuna la kumsaidia. Soma anwani kwenye tiketi, usitegemee neno "bandarini". Upande wa Colonia shida hiyo haipo, bandari ni moja.

Wakati wa kununua utajaza namba ya pasipoti na majina. Mfumo wa Kihispania unataka jina la kwanza na jina la ukoo, na sisi wenye majina matatu, la kwetu, la baba na la babu, huwa tunajaza kwa kubahatisha. Fuata mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha: kilichotangulia alama za << ndicho jina la ukoo kwa mashine, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Saa nazo huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi na 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Januari, Februari na siku za Pasaka boti hujaa na bei hupanda sana, basi nunua wiki kadhaa kabla. Zipo tiketi nafuu za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini soma masharti yake: nyingine hazibadilishiki, na ukichelewa kurudi unanunua upya kwa bei ya siku hiyo.

Siku ya safari fika saa moja na nusu hadi mbili kabla. Unakaguliwa tiketi, unaacha begi kubwa kama unalo, kisha unapanda kwenye uhamiaji. Mpangilio wa hapa ni tofauti na mipaka mingi: maafisa wa nchi zote mbili wako katika jengo moja. Wa Argentina anakutoa, na hatua chache mbele wa Uruguay anakuingiza, wewe ukiwa bado Buenos Aires. Ukishuka Colonia kinachobaki ni mizigo kupita kwenye mashine ya forodha. Hapo usiwe na matunda, nyama, wala jibini ya nyumbani. Uruguay inaishi kwa mifugo na kilimo, na ukaguzi wa vyakula unafanywa kwa dhati.

Kama umezidisha siku, utajulikana kwenye dirisha la kwanza. Kuna faini ya kulipa kabla ya kuruhusiwa kutoka, na shughuli hiyo inaweza kukukosesha boti. Ni heri kuimaliza kwenye ofisi ya Retiro siku za kazi kabla ya safari. La kuzingatia zaidi ni kwamba aliyelipa faini asubuhi na kutaka kurudi jioni anajipeleka kwa afisa wa Argentina ambaye anaiona rekodi hiyo ingali mbichi. Mtu wa namna hiyo asirudi siku ile ile.

Colonia kwenyewe pa kutembea ni karibu. Mji wa kale, ulioanzishwa na Wareno mwaka 1680 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995, uko robo saa kwa miguu kutoka bandarini, na mnara wake wa taa ni wa 1857. Kituo cha mabasi kimepakana na bandari, na basi la Montevideo huchukua kati ya saa mbili na nusu na tatu. Ningeshauri kulitumia. Sheria haikutaja siku za chini za kukaa nje ya Argentina, lakini usiku mawili matatu Montevideo yanaifanya safari iwe ya utalii kweli, na ukiulizwa umefanya nini Uruguay una jibu la mtu aliyetembea.

Sasa dirisha la kurudi. Ni katika bandari ya Colonia: wa Uruguay anakutoa, wa Argentina anakuingiza. Siku nyingi jambo lote linakwisha kwa dakika moja. Lakini sheria ya uhamiaji ya Argentina, namba 25.871, inampa afisa uwezo wa kumkataa anayesema ni mtalii ilhali dalili zinaonyesha anaishi nchini, na tangu 2014 upo utaratibu rasmi wa kumhoji anayeshukiwa kuwa mtalii wa jina tu. Agizo namba 366 la Mei 2025 likakaza zaidi: mgeni wa muda anatakiwa kuwa na bima ya afya na kutamka sababu ya kuingia.

Basi uwe na karatasi mkononi, zilizochapishwa, kwa sababu simu huzima chaji na intaneti ya bandarini si ya kuaminika. Tiketi ya kuondoka Argentina ndani ya siku 90 zijazo ndiyo inayouliziwa zaidi, iwe ya ndege au ya basi kwenda Chile. Ongeza anwani ya unakofikia, cheti cha bima chenye jina lako na tarehe zinazofunika muda wote, na taarifa ya benki au kadi inayoonyesha unajimudu. Jibu unachoulizwa, kwa ufupi, na liwe la kweli. Anayesema "nafanya kazi hapa kwa kompyuta" amejitoa mwenyewe kwenye kundi la watalii. Kama hiyo ndiyo hali yako, kuna kibali cha wafanyakazi wa mtandaoni kilichoanzishwa 2022, cha hadi siku 180, na kuna ukaazi wa mwanafunzi na wa mwenye pato la nje. Hivyo vinaombwa kwa njia yake, na ni salama kuliko kumtegemea afisa wa zamu kila baada ya miezi mitatu.

Ukikataliwa, unakataliwa ukiwa Colonia. Maana yake hutabaki katikati ya mto: unarudi chini ya kibali chako cha Uruguay, ambacho kwa wasiohitaji viza nacho ni cha siku 90. Begi lako la Buenos Aires, nyumba uliyopanga na kompyuta uliyoacha mezani vitabaki ng'ambo. Kwa sababu hiyo usivuke na mkoba mtupu. Beba dawa zako za wiki nzima, chaja, kadi mbili za benki zilizowekwa mahali tofauti, na nakala za hati muhimu. Mwachie mtu unayemwamini ufunguo.

Ukipita, usiondoke dirishani kabla hujatazama. Kama umegongwa muhuri, soma tarehe na idadi ya siku. Wakati mwingine hakuna muhuri na ingizo ni la kwenye mfumo tu. Hapo hifadhi kipande cha tiketi ya boti, na ukifika nyumbani ingia kwenye tovuti ya Migraciones utafute kumbukumbu ya kuingia kwako kwa namba ya pasipoti. Ingizo likikosekana, mfumo utakuona kama mtu ambaye hajarudi nchini, na siku ya kutoka utatakiwa kueleza uliingiaje. Kosa hilo husahihishwa kwa urahisi ndani ya wiki ya kwanza, ukiwa na kipande cha tiketi, pale pale Retiro.