"Nani kagoma?"

Gari lisipowaka asubuhi tunasema limegoma, mtoto akikataa uji kagoma, simu ikiganda nayo imegoma. Ndo maana nahisi watu wengi wakisikia wafanyakazi wamegoma wanachokiona kichwani ni kitu kibovu, kitu kibishi cha kupigwa teke kiwake. Mi hili neno nalipenda na linaniuma likichukuliwa hivyo.

Niliwahi kua kibarua kiwandani, hapahapa Dar, malipo ya siku. Ovataimu ya wiki tatu haijalipwa, tukiuliza tunaambiwa kesho, kesho yenyewe haifiki. Siku moja baada ya chai shifti nzima hatukurudi kwenye mashine, hakuna aliyepiga kelele wala kubeba bango, tulikaa tu chini ya mwembe karibu na geti. Supavaiza akaja mbio na swali lake la kwanza likawa, "Nani kagoma?" Hakuuliza kwanini, aliuliza nani, maana alikua anatafuta jina la kuandika. Kimya. Kulikua na mzee mmoja tunamwita Babu, akamjibu taratibu kabisa, "Mwanangu, hapa hajagoma mtu. Tumegoma."

Mpaka leo hiyo tu- ya "tumegoma" naisikia masikioni. Maana mmoja akigoma ni mkaidi, anaandikiwa barua na mambo yanaisha, lakini mgomo wa kazi haufanywi na mtu mmoja (mgomo wa kula sawa, huo mtu anaweza kuufanya peke yake). Kususia pia ni kingine, unaweza ukasusia kikao ukaenda zako nyumbani, ila aliyegoma hajaenda popote, kazi bado anaitaka, yupo pale pale anasubiri kusikilizwa. Na upo mgomo baridi, wote mpo kwenye nafasi zenu, mashine zinazunguka ila kazi haisogei, huo mabosi unawachanganya kweli maana hawajui wamkamate nani.

Na sio neno la juzi. Mwezi Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi Mombasa waligoma pamoja, bandari na reli, mji ukasimama, na mwaka huohuo Septemba makuli wa bandari ya Dar wakagoma, mgomo ukapanda na reli ya kati kuelekea bara, mwaka uliofuata Zanzibar nako. Watu hawana simu, wengi wao vibarua kama sisi! Baadae mwaka 1955 ikaja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na ni Kawawa huyohuyo akiwa waziri mkuu mwaka 1962 ndo ikapita sheria iliyofanya kugoma kihalali kuwe karibu haiwezekani, halafu 1964 TFL yenyewe ikavunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote chini ya serikali. Mi hapo naona tulipoteza kitu kikubwa, tukazoea kuliona neno kama kosa.

Sasaivi sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu, ila kuna njia yake: mgogoro unapelekwa kwenye usuluhishi, siku 30 zikipita bila muafaka chama kinapiga kura, wengi wakikubali mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Ukigoma hivyo hawaruhusiwi kukufukuza, japo siku ambazo hujafanya kazi sio lazima wakulipe. Sisi hayo hatukuyajua hata moja, chama hatukua nacho, tulikua na mwembe tu.

Ijumaa yake tulilipwa, yote. Jumatatu majina yaliposomwa getini la Babu halikusomwa, wala Jumanne, kibarua hua hafukuzwi, haitwi tu. Tuliangaliana pale, kila mtu akainamisha kichwa tukaingia ndani, hakuna hata mmoja wetu aliyeenda kukaa tena chini ya mwembe. Tulitakiwa kugoma siku ile.