Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jasho hutupoza kwa sababu lenyewe ni maji ya baridi. Sivyo: linapotoka kwenye tezi, jasho lina joto lile lile la mwili. Kinachopoza ni kukauka kwake, kwani maji hayawezi kugeuka mvuke bila kupata nishati, na nishati hiyo huichukua kwenye ngozi. Lita moja ya jasho ikikaukia yote mwilini huondoka na takriban kilokalori 580 za joto, na damu inayopita karibu na ngozi hurejea ndani ikiwa imepoa.

Kwa hiyo tone lililodondoka chini, au lililofutwa kwa kitambaa kabla ya kukauka, limeugharimu mwili maji na chumvi bila faida yoyote. Ndiyo sababu joto lenye unyevunyevu hutuelemea kuliko joto kali zaidi la hewa kavu: hewa iliyokwisha kujaa mvuke haipokei mwingine kwa urahisi, nasi tunabaki tumelowa huku joto likizidi kupanda ndani.

Anayetoa amri ni haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayolinda joto la mwili lisitoke mbali na nyuzi 37. Likipanda, huziamsha kupitia neva tezi za jasho, ambazo idadi yake ni kati ya milioni 2 na 4. Hapa ndipo panaponistaajabisha zaidi. Majimaji yanayoanzia sehemu ya chini ya tezi yana chumvi nyingi karibu sawa na ya majimaji ya damu, lakini yanapopanda kwenye mfereji wake kuelekea juu ya ngozi, sehemu kubwa ya chumvi hiyo hunyonywa na kurudishwa mwilini. Jasho likitoka kwa kasi, muda wa kuinyonya haupatikani, na ndipo linapowasha macho na kuacha alama nyeupe kwenye shati. Mtu akizoea joto kwa wiki moja au mbili, huanza kutokwa na jasho mapema zaidi, tena jasho lenye chumvi pungufu.

Kwapani kuna pia tezi za aina nyingine, nazo huanza kazi wakati wa kubalehe. Harufu hutokana na bakteria wanaovunjavunja kile zinachokitoa.

Wapo wanaokimbia wamejifunika koti la nailoni ili jasho liwatoe sumu na mafuta, nami niliwahi kufanya hivyo. Sumu huondolewa hasa na ini na figo, na uzito unaopungua kwa njia hiyo ni wa maji, ambao hurudi mtu akishakunywa. Lile koti, kwa kuuzuia mvuke usitoke, huliondolea jasho kazi yake, na mwili uliokwisha kupata joto huzidi kupata joto huku ukimwaga maji unayoyahitaji.