Mwali nimekwenda, Kidike sijafika

Nimerudi Chake, Pemba, wiki iliyopita kutoka visiwa vya Komoro, magoti bado yananiuma, na kila anonikuta ananiuliza Ngazija, kile kisiwa chao kikubwa, kukoje, nami Ngazija nilipita siku mbili tu, safari yenyewe ilikuwa ya kisiwa cha Mwali kutazama popo. Pwani mawe meusi ti kama masizi, maana ni uji wa volkano ulomwagika ukaganda, na mlima wenyewe, Karthala, una mita 2,361 na bado uko hai. Mto hawana hata mmoja, mvua ikinyesha maji yanazama mwambani, kwahiyo watu wanakinga kwenye mabirika, na 2005 mlima ulipolipuka majivu yakaingia humo humo. Mtihani.

Toka Chindini nikapanda boti mpaka Hoani, Mwali, bahari ile sitaki hata kuisimulia, nilitapika mpaka chai ya juzi. Nimeshuka nimenunua ndizi, mama kapokea hela kaniambia "marahaba", nikaduwaa manake hata shikamoo sijampa! Kumbe kwao ndo ahsante.

Nilichokifuata ni popo wa Livingstone, Livingstone yule yule msafiri Mzungu alokaa kwenye ile nyumba pale Unguja mjini. Dunia nzima wako Mwali na kisiwa jirani cha Nzuwani basi, hawafiki hata elfu mbili. Tumepanda mlima tangu asubuhi, utelezi, nimeanguka mara mbili, kisha kijana alonipeleka akanionesha juu. Weusi, wananing'inia kama makoti, na mchana kweupe mmoja akajiachia akafungua mbawa karibu mita moja na nusu akawa anaelea tu bila kupiga bawa, kama kipanga. Nilisahau hata kutoa simu.

Sasa yule kijana akaniuliza, Kishimwali chake na Kipemba changu tunaelewana nusu nusu, eti nyie Pemba si mna popo wenu wakubwa wasopatikana pengine popote, wakoje? Nikababaika. Mie mtu wa Chake, Kidike wanakokaa popo wetu ni hapo njia ya Wete, nimekuwa nikisikia tu kwamba zamani walipigwa bunduki mpaka wakabaki mia kadhaa halafu wanakijiji wakawalinda wakaongezeka, lakini kwenda kuwatazama sijawahi. Nikamdanganya, nikasema wanafanana na hawa. Wapi! Wetu wana manyoya mekundu mekundu, nimekuja kuona kwenye picha usiku ule.

Itsamia nako nikaona kasa anataga, ila hiyo ntaandika siku nyengine.

Jumamosi nakwenda Kidike. Mwenye gari na nafasi moja anambie, bodaboda kwa magoti haya siwezi.