Mwanafunzi Aliyepatikana na Vepu Asirudishwe Nyumbani

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya upili nchini Kenya, na jambo linalonisumbua kuhusu vepu, yaani sigara za kielektroniki, ni adhabu ambayo shule nyingi huikimbilia: mwanafunzi anaandikiwa barua, anasimamishwa masomo kwa wiki mbili, kisha anarudi akiongozana na mzazi. Naamini adhabu hiyo humwacha mtoto peke yake wakati mbaya kabisa.

Aliyezoea nikotini, kemikali ya uraibu iliyo ndani ya vepu, akiikosa, arosto humwanza baada ya saa chache. Huwa na hasira za haraka, wasiwasi, usingizi wa kukatikakatika, na hawezi kuituliza akili kwenye kitabu. Hali hiyo hufikia kilele katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole kwa wiki mbili hadi nne. Siku hizo ndizo tunazompeleka nyumbani, ambako mzazi yuko kazini mchana kutwa na muuzaji hayuko mbali, na akirudi darasani huwa na uraibu ule ule pamoja na masomo aliyoyakosa. Ubongo wake bado unakua, na utaendelea kukua hadi miaka 25 hivi, ndiyo maana nikotini humshika kijana upesi kuliko mtu mzima.

Upekuzi wa mabweni nao una mipaka. Vifaa vingine hufanana na kalamu au flashi diski, na mvuke unaonukia embe au mnanaa huwa umeshatoweka kabla mwalimu wa zamu hajafika.

Marekani ilipitia haya kabla yetu. Kampuni ya JUUL ilianza kuuza kifaa chake mwaka 2015, kikitumia nikotini ya chumvi isiyokwaruza koo, na mwaka 2018 Daktari Mkuu wa taifa hilo, Jerome Adams, akatangaza kwamba uvutaji wa vepu miongoni mwa vijana umekuwa janga. Mwaka 2019 wanafunzi wa sekondari ya juu waliosema wanavuta walikuwa asilimia 27.5, mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8. Katikati ya miaka hiyo umri wa kuuziwa ulipandishwa hadi 21, ladha za matunda katika vifaa vya aina hiyo zikawekewa vikwazo, na kampuni hiyo ikashtakiwa na majimbo mengi. Hatua hizo zilimlenga anayetengeneza na anayeuza.

Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Sheria yetu ni ya mwaka 2007, vifaa hivi vilipokuwa bado havijaenea nchini, na wabunge wanapaswa kuirekebisha bila kuchelewa.

Wakati tukisubiri, bodi za shule zinaweza kubadilisha kanuni zao muhula huu. Kifaa kichukuliwe, mzazi aitwe, lakini mwanafunzi abaki shuleni, akutane na mshauri kila siku kwa wiki ya kwanza, na apelekwe kwa mhudumu wa afya ikiwa arosto inamzidi. Aulizwe pia alikonunua, kwa ahadi kwamba jibu lake halitamwongezea adhabu, kwa maana anayeogopa kufukuzwa hatamtaja muuzaji, na muuzaji huyo ataendelea kuwauzia wenzake.