Siku Moja Maishani Mwangu Katika Maabara ya Uchunguzi wa Jinai

Saa moja na nusu asubuhi ninafika maabara, na kabla sijagusa kielelezo chochote ninapitia daftari la makabidhiano. Kila bahasha iliyoingia usiku lazima iwe na lakiri isiyovunjwa, saa ya kupokelewa, na sahihi ya aliyeileta na ya aliyeipokea. Pakiwa na pengo hata la saa chache ambamo haijulikani kielelezo kilikuwa mikononi mwa nani, wakili wa utetezi ana haki ya kuliuliza, na mimi sitakuwa na jibu.

Saa mbili na nusu ninafungua mfuko wa kwanza, na moyo unaniuma. Shati lenye damu limefungwa kwenye plastiki likiwa bado bichi. Ukungu wa kijivu umeota kwenye ukosi, na bakteria wamekwisha kuanza kuharibu vinasaba (DNA) tunavyovitafuta. Nguo ya namna hii hukaushwa kwanza kwa hewa, kisha ikafungwa kwenye mfuko wa karatasi usioziba unyevu ndani. Ninapiga picha, ninaandika hali niliyolikuta nayo, kisha ninalitundika kwenye kabati la kukaushia juu ya karatasi safi ili unywele au uzi utakaodondoka usipotee. Kwenye mkono wa kushoto lipo doa moja ambalo ukungu haujalifikia. Ninalipangusa kwa kijiti chenye pamba, ninakidondoshea kemikali za kipimo cha awali, na pamba inageuka ya waridi papo hapo. Rangi hiyo inaashiria damu tu: haisemi kama ni ya binadamu, sembuse ni ya nani, na hata baadhi ya mimea huweza kuitoa.

Ninabadilisha glavu kila ninapohama kielelezo, na sioni kuwa ni kupoteza muda. Kwa miaka mingi polisi wa Ujerumani walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio mengi yasiyohusiana, hadi mwaka 2009 ilipobainika kwamba vilitoka kwenye vijiti vya pamba vyenyewe, vilivyochafuliwa kiwandani.

Saa tano ninashughulikia barua ya vitisho. Karatasi hunyonya jasho la vidole, na kemikali iitwayo ninhidrini hukutana na asidi amino zilizomo ndani ya jasho hilo. Taratibu, pembezoni mwa ukurasa, mistari ya kidole inajitokeza kwa rangi ya zambarau. Ninatafuta mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, kisha ninampa mwenzangu ailinganishe upya bila kumweleza nilichokiona. Mwaka 2004 wakili mmoja wa Marekani alikamatwa kwa sababu alama ya kidole iliyohusishwa na milipuko ya mabomu mjini Madrid, Hispania, ilidaiwa kuwa yake, ilhali ilikuwa ya mtu mwingine.

Mchana unapita haraka. Simu ya mshukiwa inakwenda kitengo cha vielelezo vya kidijitali ndani ya mfuko unaozuia mawimbi, isije ikafutwa kutoka mbali. Maganda mawili ya risasi yanawekwa chini ya hadubini ya kulinganishia, na alama zilizoachwa na pini ya kufyatulia ya bunduki zinaangaliwa bega kwa bega.

Saa tisa na nusu mpelelezi wa kesi ya mwezi uliopita ananipigia simu. "Mtaalamu, ni yeye au si yeye?" Ninamjibu kwamba vinasaba vilivyo kwenye mpini wa kisu vinalingana na vya mshukiwa, lakini haviniambii aliushika lini, wala kama alikata nyama au alimchoma mtu. Analalamika kwamba ninamnyima jibu. Ninamwelewa, kwa maana familia ya marehemu inamngoja yeye, lakini sentensi ile ninaiandika kwenye ripoti kama nilivyoitamka.

Saa kumi na moja ninarudi kwenye kabati. Mikono ya shati imekauka, ila mshono wa ukosi bado una unyevu. Ninaliacha hadi kesho, ninabandika lakiri mpya mlangoni, na kuandika: saa 11:20 jioni.